Upande wa Mama

Kijiwe cha Mpemba, nje kidogo ya mji wa Tunduma, kipo pale foleni ya malori inapofikia mkia, siku ambazo mpaka wa Zambia umeelemewa. Madereva hushuka, hunywa kahawa, hulalamika kidogo, kisha hupanda kulala. Benchi lenyewe ni ubao wa bodi ya lori lililopinduka miaka ile, umelazwa juu ya rimu mbili, na mtu wa upande mmoja akiinuka ghafla, wa upande wa pili anamwagikiwa. Kahawa ni ya Abdul, mtu wa Kigoma aliyekuja Tunduma kupita tu na hajapita mpaka leo. Wenye benchi ni watatu. Osward, fundi wa injini za dizeli, anaitwa Injinia, jina alilojipa mwenyewe. Hamis anaitwa Klia, kwa kuwa zamani alikuwa akitoa mizigo forodhani na mpaka leo anaongea kana kwamba dunia nzima ni mzigo unaosubiri muhuri. Mzee Abrahamu ni Mzee Kamati. Hata kuku wa jirani akipotea, atataka iundwe kamati. Hao watatu wana akili zao, sikatai. Kunyamaza ndiko hawakufundishwa.

Jumatano hiyo Nikodemo hakuwa na hamu ya porojo. Ni fundi turubai, kibanda chake kiko hatua chache tu kutoka benchi, na asubuhi alikuwa ameinamia turubai la Mzambia mmoja, ndipo mshenga wake, Mbonile, alipomjia amevua kofia. Mtu akivua kofia kwenye baridi ya Julai, ujue hana habari njema. Mzee Abrahamu, baba wa mchumba wake, amesema harusi isimame kwanza. Hakusema amekataa. Amesema isimame, na kwa wazee wa huku hiyo ndiyo namna ya kukataa bila kugombana.

Sababu ilikuwa Shadrack, kaka yake Nikodemo. Shadrack alikuwa dereva wa masafa marefu, Dar mpaka Kasumbalesa mpakani mwa Kongo, mtu wa kulirudisha nyuma lori lenye tela kwenye uchochoro huku akiimba. Sasa ni mwaka wa tatu kope zinamwangukia, mikono inatetemeka, akitembea anapepesuka, na neno likitaka kumtoka linachelewa. Mtaa ukampa jina la mlevi, yeye ambaye hajawahi kuonja hata pombe ya harusini. Mzee Abrahamu hakuamini habari za ulevi. Aliamini damu, na damu hiyo hakutaka iingie kwa wajukuu zake kupitia binti yake Anastazia.

Kwa mila, Nikodemo hakuruhusiwa kumwendea baba wa mchumba wake kujitetea. Maneno yote ni ya mshenga. Lakini benchi lilikuwa na sheria yake: ukishakaa pale wewe si mkwe wala mzee wa kanisa, ni mnywa kahawa tu. Na Nikodemo alikuwa na neno kutoka kwa daktari ambalo lingeweza kumrudishia harusi yake. Alichohitaji ni watu wanyamaze kidogo wamsikilize. Basi alasiri akavua aproni yake, akaenda kutafuta kimya kijiweni. Mapenzi humfanya mtu mjinga kiasi hicho.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Kaa, — alisema Mzee Kamati, macho yake yako kwenye malori.

— Juzi nilikuwa Mbeya na kaka, — alianza Nikodemo. — Yale majibu yametoka. Daktari anasema...

— Dizeli, — Injinia alidakia.

— Dizeli gani?

— Iliyomharibu kaka yako. Miaka kumi na mbili anavuta moshi wa dizeli ya kuchakachua. Moshi unapanda kichwani, unakaa kwenye ubongo kama masizi kwenye eksozi. Mimi nikifungua injini tatu kwa siku, naona. Ukikifungua kichwa cha Shadrack utakuta cheusi.

— Hakuna mtu atakayefungua kichwa cha kaka yangu.

— Nasema mfano.

— Osward, acha kutuchosha, — alisema Klia. — Wewe pia unavuta moshi huohuo, mbona hutetemeki? Ule ugonjwa umeingia nchini kama mzigo wa kupita, bwana. Umepakiwa Kasumbalesa, haukukaguliwa, haukupigwa muhuri. Kuna mtu alikuwa nao, akatafuta dereva wa kumbebesha. Shadrack si alikuwa anatoa lifti?

— Alikuwa anatoa.

— Umeona? Alipakia abiria, abiria akashuka, mzigo ukabaki.

— Hamis, daktari amempima, — alisema Nikodemo, akijitahidi sauti yake ibaki chini. — Amesema siyo moshi, siyo abiria. Walimtoa damu, wakaipeleka mbali, wakapima DNA...

Hapo benchi lilinyamaza. Abdul mwenyewe alishikilia birika hewani. Nikodemo akashusha pumzi, akadhani sasa wanamsikiliza, kumbe walikuwa wanavuta nguvu.

— DNA? — Klia aliuliza, akiweka kikombe chini taratibu. — Kwa hiyo marehemu baba yenu siye?

— Siye nani?

— Siye baba! Unapimaje DNA kama baba anajulikana?

Watu wa huku, kama watu wa nchi nzima, wanaijua DNA kwa kazi moja tu, kumtafuta baba wa mtoto. Ukiitaja mbele yao, umeshamwaga aibu ya ukoo wako barabarani na wao wanaokota.

— Mimi nilisema zamani, — aliendelea Klia, ambaye hakuwahi kusema. — Shadrack hafanani na mzee wenu. Mwangalie masikio.

— Masikio ya kaka yangu yamekukosea nini?

— Hayajanikosea. Lakini si ya kwenu.

— Walipima DNA ya upande wa mama! — Nikodemo alisema kwa nguvu.

Injinia alicheka mpaka akakohoa.

— Mama naye anapimwa? Mama anajulikana, bwana! Watu walikuwepo akijifungua. Hao wamemtoa damu bure tu maskini.

Nikodemo aliuma meno. Kichwani mwake maneno ya daktari yalikuwa yamepangika vizuri, kayarudia njia nzima kutoka Mbeya mpaka Mpemba, na sasa kila akitoa moja, linanyakuliwa na kuvalishwa nguo nyingine. Alimgeukia Mzee Kamati. Ni yeye hasa aliyemleta pale, hawa wengine walikuwa nzi tu.

— Mzee, nisikilize wewe.

— Nakusikia. Na mimi sikukaa bure, — alisema Mzee Kamati. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo lilimtisha Nikodemo zaidi. — Ulipoleta posa, nilituma watu wawili mpaka Ndalambo kuupeleleza ukoo wenu. Baba yako, babu yako, baba wa babu yako, mpaka wa saba. Hakuna kifafa, hakuna ukoma, hakuna kichaa. Ukoo safi kabisa.

— Ahsante, mzee.

— Usishukuru. Kama ukoo ni safi, ugonjwa umetoka wapi? Nikawarudisha tena wale watu. Wakauliza vizuri zaidi. Babu yako alizikwa kichwa kikiwa upande wa miguu.

— Mzee...

— Amelazwa kinyume! Mvua ilikuwa inanyesha, watu walikuwa na haraka. Sasa anasukuma watoto wa kiume wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Kaanza na Shadrack. Wewe unafuata. Na ukizaa wa kiume, na yeye atafuata. Mimi naona iundwe kamati ndogo, akafukuliwe, ageuzwe.

— Na akigeuzwa, ugonjwa usipotoka? — aliuliza Abdul, akimimina.

— Anageuzwa tena.

— Hilo linahitaji kibali, — alisema Klia. — Marehemu hahamishwi hivihivi.

— Hahamishwi, anageuzwa palepale.

— Hata kugeuzwa. Kwani mzigo ukigeuzwa ndani ya kontena haukaguliwi upya?

Wakaanza kubishana kama marehemu ni mzigo au si mzigo. Injinia akapendekeza winchi. Nikodemo aliwatazama watu hawa watu wazima, wawili kati yao wana wajukuu, wakimpangia babu yake namna ya kuning'inizwa, na machozi ya hasira yakamkaribia.

— Na mabinti je? — Abdul aliuliza tena. — Si yupo dada yao, yule Judith?

— Judith hana shida, — Mzee Kamati alijibu haraka, kama mtu aliyeulizwa jambo jepesi. — Yule alishatoka. Ameolewa Ibaba, kule Ileje, anakula viazi vya mumewe, watoto wake watatu ni wa ukoo wa mumewe. Mwanamke akiolewa, ya kwao anayaacha mlangoni. Hatari iko kwa hawa wanaobaki na jina.

Hilo Nikodemo aliliacha lipite. Hakuja kwa ajili ya hilo.

— Basi ningekushauri na wewe utafute pa kuolewa, — Injinia alimwambia, akimpiga begani.

Wakacheka wote. Nikodemo akainuka ghafla kwa hasira. Ubao ukapanda upande wake ukashuka upande wa pili, na kahawa ya Klia ikaishia yote kwenye suruali ya Klia.

— Nyamazeni! — alifoka. — Nyamazeni nyote! Mmemfanya kaka yangu mlevi, mkamfanya bomba la moshi, mkamfanya kontena, mkamfanya mtoto wa nje, sasa mnamfukulia babu yake! Hakuna hata mmoja aliyeuliza daktari kasema nini! Mtu anakufa polepole, anashindwa hata kufunga vifungo vya shati lake, na nyie mnaongelea winchi!

Klia aliacha kupangusa suruali. Hata dereva mmoja aliyekuwa anapiga mswaki chini ya lori alisimama kutazama.

— Kasema nini? — aliuliza Mzee Kamati hatimaye.

Nikodemo alikaa. Akaongea haraka, akiogopa wasije wakazinduka.

— Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli kuna vidogo zaidi vinaitwa mitokondria. Kazi yao ni kuchoma chakula na kutoa nguvu. Injinia, hizo ndizo injini zetu.

— Si nilisema?

— Hukusema! Sasa, hivyo vitu vina DNA yao vyenyewe, mbali na ile ya sura na masikio. Na hiyo inatoka kwa mama peke yake. Ya baba haifiki kwa mtoto, inapotelea kwenye kutungwa mimba. Mama akiwa nayo yenye hitilafu, anaipitisha kwa watoto wake, wa kike kwa wa kiume. Wengine wanapata nyingi wanaugua sana, wengine wanapata kidogo hata hawajui. Na panapoanza kuchoka ni pale panapotumia nguvu nyingi: ubongo, macho, mishipa ya fahamu, misuli. Ndiyo hali ya Shadrack. Daktari aliniuliza mama alikuwaje, nikamwambia alikufa amelala kitandani miaka mitatu, tukiambiwa ni baridi yabisi.

— Maana yake kila mzee anayetetemeka amemrithi mama yake? — aliuliza Klia, na kwa mara ya kwanza lilikuwa swali la kweli.

— Hapana. Daktari anasema wazee wengi wanaotetemeka au kusahau, hizo injini zao zinakuwa zimechoka pia, na wataalamu bado wanatafuta kwa nini. Lakini si lazima wamezaliwa na tatizo hilo. Letu ndilo la kuzaliwa nalo.

— Letu, — alisema Mzee Kamati. — Kwa hiyo na wewe.

— Na mimi, mzee. Tumetoka tumbo moja. Inawezekana ninayo kidogo isinisumbue kamwe, inawezekana ninayo nyingi. Wamenitoa damu, nasubiri. Sikufichi.

— Na watoto wako?

Hilo ndilo swali alilolisubiri tangu asubuhi. Nikodemo alilijibu taratibu, akimwangalia mzee usoni.

— Kwangu hawatapata. Mwanaume anaupokea huu ugonjwa, hawezi kuupitisha. Unaishia kwangu. Watoto wangu watachukua za mama yao.

— Za Anastazia.

— Za Anastazia, baba.

Lile neno baba lilimtoka bila mshenga, na hakuna aliyemkemea. Mzee Kamati alizungusha kikombe mkononi. Alionekana kama mtu aliyepekua nyumba nzima akaambiwa alichotafuta kiko kwa jirani.

— Mimi nilituma watu kwa mababu saba, — alisema. — Kwa mama yako sikutuma mtu hata mmoja. Hata jina la ukoo wake silijui.

— Wabemba wanajua, — alisema Klia. — Kule kwao Kasama, Zambia, mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye mwenye sauti. Nimewacheka miaka yote, kumbe huo mzigo wanaufuatilia kwenye geti lenyewe!

— Na mkwe mgonjwa je? — Injinia aliuliza. — Akianza kutetemeka?

— Kila mwanaume anayeoa ataugua siku moja, — alijibu Mzee Kamati. — Mimi nilikuwa nalinda wajukuu. Kama wajukuu wako salama, binti yangu ataamua mwenyewe kuhusu mume, na binti yangu tangu juzi hali chakula changu kwa hasira. Abdul! Mpe mkwe wangu kahawa. Kamati ya harusi inakaa kesho, ilipoishia.

Injinia alipiga makofi. Klia alimkumbatia Nikodemo na suruali yake iliyoloa. Nikodemo alicheka peke yake kama mwendawazimu, mikono ikimtetemeka, na kwa furaha ile hata hakuiogopa mikono yenyewe.

Ndipo Judith akafika. Alikuwa ameshuka kwenye gari la kutoka Isongole, vumbi la Ileje bado liko kwenye khanga, mtoto mdogo yuko mgongoni na mfuko wa viazi uko mkononi. Asubuhi Nikodemo alikuwa amempigia simu akilia kwamba harusi imekufa, naye akaacha shamba lake, akaja kumwombea mdogo wake. Aliweka mfuko chini, akapiga goti mbele ya Mzee Abrahamu.

— Shikamoo, baba. Nimekuja kwa ajili ya huyu mdogo wangu. Naomba unisikilize.

— Inuka, mwanangu, inuka! Umechelewa, mambo yameisha! — Mzee Kamati alikuwa anang'aa uso mzima. — Mdogo wako tunamwoza. Mwambieni jamani, mwambieni!

Na wakamwambia. Wote kwa pamoja, kwa sauti za watu waliolijua jambo hilo tangu utotoni.

— Ni injini, dada yangu, — alisema Injinia. — Kila mtu anazaliwa na injini ndogondogo. Zikiwa mbovu, ubongo unakosa nguvu. Ndicho kinachomsumbua Shadrack.

— Na zinatoka kwa mama! — Klia akampokea. — Geti ni moja tu. Baba hapitishi kitu.

— Kwa hiyo huyu Nikodemo hana hatari yoyote kwa watoto wake, — Mzee Kamati akamalizia. — Mwanaume unaishia kwake. Ni mwanamke tu ndiye anaye...

— Mzee, basi, — alisema Nikodemo.

Alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anamwangalia dada yake, na kila neno lililokuwa linatoka benchini lilikuwa la kweli, kila moja, yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha.

— Basi nini? Mwache aelewe. Ni mwanamke tu ndiye anayepitisha kwa watoto.

— Injinia, Klia, jamani, basi!

Judith alikuwa ameshainuka. Mkono wake ulikwenda nyuma, ukamshika mtoto mguu.

— Na hawa wangu? — aliuliza.

Injinia aliangalia kucha zake. Klia alirudi kupangusa suruali yake. Mzee Kamati, mtu wa kamati, hakuwa na hata mjumbe mmoja wa kumtuma kwenye swali lile.

— Dada...

— Nimeuliza, Niko. Hawa wangu watatu?

— Sijui. Daktari anasema mtu hawezi kujua bila kupima. Inawezekana hujapata nyingi.

— Daktari alikwambia lini?

— Juzi.

— Na leo asubuhi ulinipigia simu.

— Ndiyo.

— Tukaongea mpaka salio lako likaisha, — alisema Judith. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. — Ukaniambia habari za Anastazia. Ukaniambia nilete viazi.

Kweli Nikodemo hakuwa amefikiria. Siku mbili nzima alikuwa amelibeba neno la daktari kama kitu chake, akiligeuza upande unaomfaa, na ule upande wa pili, ulioandikwa jina la dada yake, hakuutazama hata mara moja.

Judith alifunga khanga upya kifuani, akamtikisa mtoto aliyeanza kulia, kisha akavuka barabara kwenda upande yanaposimama magari ya Mbeya. Nikodemo alichukua mfuko wa viazi, akamfuata.

— Nikodemo! — Mzee Kamati aliita. — Kamati kesho!

— Kesho nipo Mbeya na dada, — alijibu Nikodemo, akiwa ameshafika katikati ya barabara, na hakugeuka kuona kama wamesikia.